Jina moja, vitabu sita: Mohamed, Said, Zainab au William?

Kasiba

Wakuu, naomba tulinganishe. Inatafutwa orodha ya vitabu sita vya Kiswahili kwa kikundi cha kusoma, kitabu kimoja kila mwezi. Masharti ni mawili tu. Waandishi wote wawe na jina moja la kwanza, na kila kitabu kiwe cha utanzu wake: upelelezi, riwaya ya jamii, hadithi fupi, tamthilia, ushairi, na kimoja cha mambo ya kweli, iwe historia au wasifu. Tafsiri zinakubalika.

Majina yaliyobaki mezani ni manne: Mohamed, Said, Zainab na William. Mohamed lina watu wengi lakini linatia shaka kwenye tamthilia. Said lina tamthilia nzuri mno, ila karibu kila kitu kinatoka kwa mtu mmoja. William linaegemea tafsiri. Zainab ni waandishi wanawake watupu, jambo ambalo orodha nyingi hulikosa. Lipi linajaza nafasi zote sita bila kulazimisha?

Mkutubi wa Zamu

Kabla ya kuhesabu, tukubaliane jina la kwanza ni lipi, maana hapo ndipo orodha za namna hii huharibika.

Waandishi wetu wengi wa pwani wanaandika jina lao, la baba, kisha la babu. Hakuna jina la ukoo. Maktaba hazijali hilo. Zinachukua jina la mwisho, zinaliweka mbele na kutia mkato. Matokeo yake Said Ahmed Mohamed anakuwa "Mohamed, Said Ahmed", na Mohamed Suleiman Mohamed anakuwa "Mohamed, Mohamed Suleiman". Kadi zao zinakaa pamoja. Anayetafuta Mohamed anaondoka na *Utengano*, ambacho ni cha Said. Na Muhammed Said Abdulla, ambaye ndiye Mohamed hasa, yuko kwenye droo ya A. Kanuni ni moja: soma kilicho baada ya mkato.

Kwa kanuni hiyohiyo Ebrahim Hussein hawezi kukaa orodha moja na Hussein Tuwa, na Shaaban Robert si Robert. Mwenye utata wa kweli ni mwandishi wa *Kuli* (1979). Majalada ya zamani yanamwita Shafi Adam Shafi, ya baadaye yanamwita Adam Shafi. Yeye ni mmoja, vitabu ni vyake vyote, lakini jina la kwanza linategemea umeshika toleo gani. Mtu kama huyo msimweke kwenye orodha ya jina lolote.

Jambo la pili ni herufi za mwanzo. Jalada likiandika "Z. Burhani" au "M. S. Khatib", mashine ya kutafutia haijui kama Z ni Zainab. Tafuteni kwa jina la kitabu kwanza, mwandishi baadaye.

Bi Wino

Mimi niko upande wa Mohamed, na sioni aibu kusema hivyo mapema.

Upelelezi hauna mshindani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa 1960. Kikafuatwa na *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Mpelelezi ni Bwana Msa na kiko chake, pembeni yake Najum. Anzeni na *Mzimu*, si kwa sababu ni cha kwanza tu, bali kwa kuwa ndicho kinachoonyesha wazi kabisa kazi ya Bwana Msa. Watu wote wanaona mzimu, yeye anaona nyayo, saa na mtu mwenye sababu. Msomaji asiyezoea upelelezi ataelewa mchezo humo. Vile vya katikati ya miaka ya 1970 vina nasaba zilizofumwa sana. Nani mtoto wa nani, nani aliolewa na nani. Usipoandika majina pembeni, ukifika sura za mwisho ufumbuzi unakupita.

Riwaya ya jamii ni Mohamed Suleiman Mohamed. Hapa mna viwili, *Kiu* (1972) na *Nyota ya Rehema* (1976). *Kiu* ina watu watatu, Bahati, Idi na tajiri Mwinyi, na kila mmoja ana kiu yake, ya mali au ya mapenzi. *Nyota ya Rehema* ni pana zaidi: binti anayekataliwa na baba mwenye mashamba, halafu ardhi yenyewe inakuja kuwa balaa. Kwa kikundi ningechukua *Nyota ya Rehema*, kwa kuwa suala la nani ana haki ya shamba linazua mjadala wa kweli, na kila mtu mezani atakuwa na upande.

Hadithi fupi ni yeye tena, *Kicheko cha Ushindi* (1978). Kwa ushairi kuna Muhammed Seif Khatib wa *Fungate ya Uhuru* na *Wasakatonge*, na Mohammed Ghassani wa *N'na Kwetu*, kilichopata tuzo ya Mabati-Cornell upande wa ushairi mwaka 2015. Mambo ya kweli ni Mohamed Said na kitabu chake juu ya maisha na nyakati za Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU. Tamthilia ndiyo pengo, nakubali.

Tao la Jukwaa

Bi Wino, pengo hilo si dogo. Ukitoa tamthilia umetoa utanzu ambao kikundi kinaufurahia kuliko vyote, kwa sababu unasomwa kwa sauti na kila mtu anapata nafasi yake.

Said Ahmed Mohamed anaziba pengo hilo peke yake. *Kivuli Kinaishi* (1990) ni utawala wa Bi Kirembwe huko Giningi, na Mtolewa anayekataa kupumbazwa. *Amezidi* (1995) ni ya aina nyingine kabisa: Ame na Zidi, wahusika wawili ambao majina yao yakiunganishwa ndiyo jina la tamthilia, na mazungumzo yanayozunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Riwaya ni *Utengano* (1980), Maimuna na baba yake Maksuudi. Ukitaka riwaya ngumu kuna *Babu Alipofufuka* (2001). Ushairi ni *Sikate Tamaa* (1980) au *Jicho la Ndani* (2002). Hadithi fupi ni *Arusi ya Buldoza*. Kwa ubora wa kila kitabu kimojakimoja, Said anawashinda Mohamed wote.

Rafu ya Juu

Lakini hiyo si orodha ya jina, ni orodha ya mtu. Miezi sita na mwandishi mmoja, kufikia wa nne mnajua tayari mabwana wataangukaje na nani atalipa gharama. Na upelelezi hana.

Tao la Jukwaa

Sikatai kuhusu upelelezi. Ila "mtu mmoja" si kosa kama mtu huyo anabadilika hivyo. Msomaji wa *Utengano* akikabidhiwa *Amezidi* bila jalada hawezi kusema ni kalamu ileile.

Rafu ya Juu

Sawa, lakini Kasiba ameandika "waandishi wote". Wingi.

Nitetee William kidogo. Watu wanamdharau kwa kuwa wanamfikiria Shakespeare tu, wakamsahau William Mkufya. Huyu aliandika *The Wicked Walk* (1977) kwa Kiingereza, kisha akaitoa mwenyewe kwa Kiswahili kama *Kizazi Hiki*. Hapo kikundi kinapata nafasi adimu ya kumtazama mwandishi akijitafsiri. Baadaye kuna *Ziraili na Zirani* (1999), riwaya inayopanda mpaka mbinguni na kushuka kuzimu kujadili imani na ukanaji Mungu, na *Ua la Faraja* (2004) juu ya UKIMWI.

Shakespeare kwa Kiswahili si bidhaa ya pili. Nyerere alitoa *Julius Caezar* 1963, akaisahihisha ikatoka tena kama *Juliasi Kaizari* 1969, na mwaka huohuo *Mabepari wa Venisi*. S. S. Mushi alitoa *Makbeth* (1968) na *Tufani* (1969). Tazameni hilo neno "mabepari". Angeweza kusema wafanyabiashara, au wachuuzi. Neno moja la jalada linawapa jioni nzima ya mjadala.

Udhaifu: hakuna upelelezi, na ushairi lazima muutafute kwa tochi. Kuna William Hichens aliyehariri *Diwani ya Muyaka* (1940).

Mkutubi wa Zamu

Hichens asihesabiwe. Mashairi ni ya Muyaka bin Haji. Mhariri akihesabiwa kama mwandishi, basi kila jina duniani litajaza nafasi zote na ulinganisho hauna maana tena. Mfasiri vilevile: *Juliasi Kaizari* inaingia kwa jina la William, si Julius, japo mfasiri na Kaizari wenyewe ni Julius wote wawili.

Bi Wino

Zainab asipitwe haraka hivi. Zainab Burhani ana *Mali ya Maskini* (1981) na *Mwisho wa Kosa* (1987). Zainabu Mwanga ana *Kiu ya Haki* (1983) na *Hiba ya Wivu* (1984). Zainab Alwi Baharoon ana *Mungu Hakopeshwi*. Na Zaynab Himid Mohammed ana tenzi zilizokusanywa kwa jina la *Howani Mwana Howani*. Kalamu nne, zote za wanawake, na ukizisoma kwa mfululizo unaona jinsi nyumba ilivyo uwanja wa siasa: mahari, urithi, nani anasoma na nani anabaki jikoni.

Lakini kwa sharti la tanzu sita, hawa wanakaa kwenye riwaya na utenzi. Ni orodha bora ya miezi mitatu au minne. Ikiwa Kasiba ana kundi la pili, lipewe hii bila kupunguza kitu.

Angalizo dogo: ukitafuta *Kiu* utaletewa *Kiu ya Haki*, na kinyume chake. Moja ni ya Mohamed, nyingine ya Zainabu, na zote mbili ziko ndani ya ulinganisho huu. Andikeni jina kamili.

Mtunga Nne

Nashangaa mnataja Mohamed kwa ushairi na hakuna aliyemtaja Muhammad Kijumwa wa Lamu. Alikuwa mwandishi wa khati, mchonga mbao, na ndiye aliyetunga *Utendi wa Fumo Liyongo* mwaka 1913. Huyu ndiye anayeibadilisha hesabu yenu.

Kuhusu pengo la tamthilia, tazameni kisa chenyewe. Liyongo yuko gerezani. Mama yake anampikia chakula, kijakazi Saada anakipeleka, walinzi wanakila kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anaimba mbele yao, na ndani ya wimbo amemfichia mama ujumbe: oka mkate wa wishwa, yaani pumba za nafaka, ndani yake tia tupa, kile chombo cha kukerezea chuma. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanaupitisha. Kisha anaomba ngoma ya gungu ipigwe, na wakati vyombo vinavuma yeye anakata minyororo, sauti ya tupa ikizama ndani ya ngoma. Mwishowe mwanawe mwenyewe anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, mahali pekee ambapo silaha ingemdhuru.

Nani anahitaji mwandishi wa tamthilia baada ya hapo? Mgao wa sauti upo tayari: msimulizi, Liyongo, mama, Saada, walinzi, mwana, mfalme. Unasomeka kwa sauti vizuri kuliko tamthilia nyingi zilizochapwa kama tamthilia.

Tao la Jukwaa

Naupenda utendi huo kama wewe, lakini tusiubatize. Tamthilia ni maneno ya wahusika na maelekezo ya jukwaa, hakuna anayetusimulia. Kwenye utendi msimulizi ndiye bwana. Anaingia, anatoka, anafupisha safari ya siku kadhaa kwa ubeti mmoja. Mkiuita tamthilia mtakuwa mnadanganya jedwali ili lijae.

Mtunga Nne

Haki yako. Basi uitwe kwa jina lake, utendi, na ukae kwenye nafasi hiyo kama badala iliyotangazwa. Heri hivyo kuliko kuufinya.

Kwa watakaousoma, hili ni muhimu. Lugha ni Kiamu, lahaja ya Lamu, si Kiswahili sanifu. Mabadiliko machache yanafungua sehemu kubwa ya matini: *mato* ni macho, *nti* ni nchi, *ndia* ni njia, *ndoo* ni njoo, *moya* ni moja, *yuu* ni juu. Yaani t ya Kiamu mara nyingi ni ch yetu, nd ni nj, na y ni j. Andikeni orodha hiyo kwenye karatasi na iwe mezani wakati wa kusoma.

Kosa linalofanyika ni msomaji kusanifisha maneno papo hapo anaposoma kwa sauti. Mizani haiharibiki, kwa sababu *moya* na *moja* zote ni silabi mbili. Kinachovunjika ni kina. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha bahari kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Kipande kikiisha kwa *moya* na wenzake wakaisha kwa -ya, wewe ukasema *moja*, sikio linajikwaa palepale. Soma Kiamu chake, fasiri baadaye.

Kuhusu Khatib na Ghassani: hawalingani na si lazima walingane. Khatib wa *Wasakatonge* ana beti fupi, maneno ya mkato, wavuja jasho na wanaowala. Anaingia kichwani mara moja. Ghassani anaandika juu ya ugeni na kwetu, anahitaji kurudiwa. Kwa kuwa nafasi ya utendi itakuwa imechukua lugha ngumu, upande wa diwani nachagua *Wasakatonge*. Beti kumi zinatosha kikao kimoja. Diwani haisomwi kama riwaya, kutoka jalada hadi jalada.

Mkutubi wa Zamu

Upatikanaji, kwa sababu orodha isiyopatikana ni pambo.

*Mzimu wa Watu wa Kale* na *Kisima cha Giningi* ni vya kabla ya 1970, matoleo ya kwanza hayana namba ya ISBN. Usitafute kwa namba. Tafuta kwa jina. Vinne vya 1973 hadi 1976, pamoja na *Kiu*, vilitoka East African Publishing House, nyumba ambayo haipo tena, hivyo nakala za zamani mtazikuta zaidi maktaba za vyuo kuliko dukani. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua *Mzimu* na *Nyota ya Rehema*.

*Wasakatonge* na *Kivuli Kinaishi* vimekuwa kwenye orodha za fasihi za sekondari Tanzania. Faida yake ni kwamba vimechapwa sana. Hasara yake: ukiagiza kwa simu unaweza kuletewa mwongozo badala ya kitabu. Mwongozo una jina lilelile kubwa juu, na neno "uchambuzi" au "mwongozo" kwa herufi ndogo. Omba picha ya ukurasa wa ndani. Ukiona vichwa kama "dhamira", "maudhui" na "fani", si kitabu chenyewe hicho.

Jina lenyewe lina tahajia tatu au nne: Mohamed, Mohammed, Muhammed, Muhammad. Tafuta kwa "Moh", kisha tena kwa "Muh". Utendi wa Liyongo unaweza kuwa umeandikwa "utenzi" au "utendi", na jalada huweza kubeba jina la mhariri peke yake. Hakikisheni ndani mmeandikiwa Kijumwa na 1913, maana kisa cha Liyongo kimesimuliwa na wengi.

Bi Wino

Na kile cha Mohamed Said? Kilitoka kwanza kwa Kiingereza 1998, tafsiri ya Kiswahili ipo. Kinajenga hoja: kwamba historia rasmi ya TANU na harakati za uhuru wa Tanganyika iliwaacha nje watu waliokuwa katikati yake, hasa Waislamu wa Dar es Salaam. Kisomwe kama hoja. Mmoja wa kikundi apewe kazi ya kuandaa kurasa mbili tatu za maelezo ya upande wa pili kuhusu mwaka 1954, TANU ilipoundwa, ili mjadala uwe juu ya ushahidi na si juu ya nani anampenda nani.

Kasiba

Nimewaelewa. Naenda na Mohamed: *Mzimu wa Watu wa Kale*, *Nyota ya Rehema*, *Kicheko cha Ushindi*, *Wasakatonge*, Liyongo wa Kijumwa kwenye nafasi ya tamthilia na itaandikwa wazi kuwa ni badala, na Abdulwahid Sykes. Vitabu sita, waandishi watano. Zainab linakwenda kwa kundi la pili kama alivyosema Bi Wino. Mpangilio wa miezi je?

Mtunga Nne

Liyongo usiwe wa kwanza wala wa mwisho. Wa kwanza utawakimbiza watu. Wa mwisho utawakuta wamechoka. Uweke mwezi wa nne, na karatasi ya maneno ya Kiamu igawiwe mwezi wa tatu.

Tao la Jukwaa

*Mzimu* mwezi wa kwanza, *Kicheko* wa pili ili kupumua, *Nyota ya Rehema* wa tatu. Kwa Liyongo, gawa sauti wiki mbili kabla, na msimulizi awe msomaji wenu mwenye pumzi ndefu kuliko wote. Yeye ndiye atasoma zaidi ya nusu. Tukio la mkate wa wishwa lisomwe mara mbili: mara ya kwanza kama walinzi wanavyousikia wimbo, mara ya pili kama mama anavyousikia.

Mkutubi wa Zamu

*Wasakatonge* wa tano, Sykes wa sita. Sykes ndicho kirefu na kina majina mengi ya watu na mitaa, kwa hiyo nakala zigawiwe tangu mwezi wa nne.